Kalavati Limekwenda, Nimebaki Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Kalavati la kijito limesombwa na mvua ya jana. Lote! Na nusu ya barabara juu yake. Shule iko ng'ambo, sisi tuko huku. Dereva wa basi la shule alisimama ukingoni, akatazama maji, akasema yeye si bata. Akageuza.

Mke wangu, muuguzi wa zahanati, hana papara. Anasema jirani yetu seremala ameshalaza ubao mpana juu ya kijito, kafunga na kamba ya kushikia, anawavusha watoto kwa miguu. Wetu wawili waungane nao. Nikasema ng'o. Yule bwana alinishinda uenyekiti wa kamati ya wazazi kwa kura moja. Kura yenyewe ni ya mke wangu. Eti aliangalia sifa. Sifa!

Na wiki hii si ya mchezo. Ijumaa Kitinda Mimba wangu, miaka sita, atamghania shairi mkaguzi wa elimu. Beti nne. Tumeghani mpaka mimi nimelijua.

Hakuna wasiwasi. Kuna njia ya mkato huko juu, kijito kinapokuwa chembamba. Naijua tangu utotoni.

Jumanne, 4 Machi

Tumetoka saa kumi na mbili kamili. Mimi mbele, mabinti nyuma. Nyasi kimo cha mtu. Kifungua Mimba, miaka kumi na moja, aliuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwambia kuuliza si ujinga, lakini mara tatu ni utovu wa adabu.

Baada ya saa moja na nusu nikaona paa. Nikapiga kelele: shule hiyo! Lilikuwa paa la choo chetu. Tumekitokea kwa nyuma.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa anaanika nguo. Akatutazama. Akabana shati la pili. Akauliza kama leo shule imefungwa mapema.

Jumatano, 5 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Dereva kaja mwenyewe kwenye kibanda changu cha kinyozi, kaketi, kafungwa kitambaa shingoni. Nikanyoa upande wa kulia mpaka ukang'aa. Hapo nikaweka mashine chini, nikafungua mazungumzo: basi lipite njia ya kilimani.

Akasema kilimani ni tope tupu. Nikasema basi mashine imepata joto, lazima ipumzike. Tukatazamana kwenye kioo. Dakika ishirini. Sikuwa na shaka. Mwanamume gani atatoka nje na nusu kichwa?

Alitoka. Kifua mbele! Kapita sokoni akimweleza kila mtu nani kamnyoa. Wateja watatu waliokuwa kwenye benchi wakakumbuka ghafla kwamba nywele zao bado fupi.

Alhamisi, 6 Machi

Usaliti! Alasiri nimesikia wimbo barabarani. Kundi zima la watoto linarudi kutoka shule, wangu wakiwemo, viatu safi. Nani anaongoza wimbo? Mama mkwe. Kumbe tangu jana anawapeleka wajukuu zake kwa ubao wa seremala, mimi nikiwa kazini.

Kitinda Mimba anasema ubao unadundadunda, raha kuliko basi. Nikasema vizuri. Nilisema huku nimeuma meno.

Kesho naondoka na baiskeli kwa njia ya kilimani, peke yangu, nifike kabla yao. Watu waone nani ana akili.

Ijumaa, 7 Machi

Pancha. Kisha mnyororo. Kisha, badala ya baiskeli kunibeba mimi, mimi nikaibeba baiskeli. Shairi lilipangwa saa tatu. Nimeingia uwanja wa shule saa nne kasorobo, tope mpaka kifuani, moyo umenyong'onyea. Mwanangu kaghani, na baba yake hayupo.

Lakini mbele ya watu wote amesimama seremala. Anahutubia. Kuhusu mbao! Aina za mbao. Namna ya kukausha mbao. Mkaguzi anasinzia kwa heshima.

Mwalimu mkuu kanieleza baadaye. Kitinda Mimba alipanda jukwaani kwa wakati, akavitazama viti, akasema: "Baba yangu hayupo. Akija nitaanza." Akafunga mdomo. Hakuna aliyeweza kuufungua. Ndipo seremala akaomba nafasi, eti kidogo tu. Mtu ambaye kwa siku hamalizi maneno kumi kazungumza dakika arobaini na tano. Aliponiona alikatiza sentensi katikati, akaketi.

Beti nne! Mwanangu hakukosea hata silabi. Niliyekosea ni mimi, maana nilikuwa naghani naye kwa sauti. Mkaguzi alisimama kupiga makofi. Macho yangu yaliingiwa na vumbi. Mke wangu akauliza, mvua ya wiki nzima, vumbi limetoka wapi.

Nilimpa seremala mkono. Yeye akasema, "Jirani, umechelewa kidogo tu." Tukarudi wote kwa ubao wake, mama mkwe akiongoza wimbo. Kweli unadundadunda. Nimevuka mara mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Kalavati jipya limewekwa, basi limerudi. Watoto wamenuna. Mke wangu, akinimiminia chai, aliniuliza nimejifunza nini katika mambo haya yote. Nikamwambia mengi mno, hata sijui nianzie wapi.

Kwa mfano: njia ya kilimani haina kosa lolote. Kosa ni la magurudumu. Kiumbe wa miguu minne hapati pancha.

Seremala anasema kalavati hili litadumu miaka ishirini. Haya, tutaona. Nimeshazungumza na mzee anayeuza maji, na bei tumeelewana. Punda wake mmoja ni mpole, amenikagua toka juu mpaka chini na hakunipiga teke. Tumefikishana uani leo alasiri. Anakula. Nguo zilizoanikwa kamba ya kwanza ameshazimaliza.

Amebaki kuambiwa mke wangu.