Mamba wa Shule ya Kimataifa

Leo Jumamosi nimeumbuka. Nimepoteza kiatu kimoja, cha mguu wa kushoto, pamoja na heshima ya ukoo mzima. Kiatu chenyewe si changu. Ni cha jirani yangu, Mama Saumu. Nawaomba msicheke kabla sijamaliza.

Mnajua kwamba sijaandika humu ukurasani tangu tumzike mume wangu, baba Hadia. Sikuwa na la kusema. Leo ninalo.

Wifi yangu Mwanajuma, dada wa marehemu, anafanya kazi Mombasa. Tangu msiba ana neno moja tu: Hadia atoke shule yetu ya hapa kijijini Wema, aende ile shule mpya ya bweni nje ya Garsen, yenye mtaala wa kimataifa. Karo atalipa yeye. Mimi nikubali tu. Mtoto nitakuwa nikimwona wakati wa likizo.

Wifi ana nia njema, sitamsengenya. Lakini nyumba yetu sasa ina watu wawili. Ukitoa mmoja, pigeni hesabu wenyewe. (Niliishia darasa la saba, lakini hiyo naiweza.)

Tena mtaala wetu wa hapa nimeuzoea. Hadia yuko Gredi ya Nne, na mimi niko Gredi ya Nne. Mwalimu akitaka ufagio, nafunga ufagio. Akitaka kikapu, nasuka kikapu. Muhula uliopita tulipeleka mkeka, tukaandikiwa "Amezidisha matarajio". Niliwaonyesha majirani wote ile karatasi. (Mkeka niliusuka mimi. Hadia alikuwa amelala.)

Basi leo ilikuwa siku ya wazazi kuiona hiyo shule, na watoto kupimwa. Wifi akafika na gari lake. Kabla hata ya salamu akaangalia miguu yangu.

"Wifi, utaingia shule ya kimataifa na ndara?"

Nikakimbia kwa Mama Saumu. Akanipa viatu vyake vya harusi, vya visigino, vikubwa kuliko miguu yangu. "Ukivipoteza usirudi," akaniambia. Alikuwa anatania. Nadhani.

Mtihani Hadia aliumaliza mapema. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole aliyetoka Nairobi, akatuita kando. "Mtoto yuko vizuri sana. Nafasi ipo, mkiitaka." Wifi akanibana mkono kwa furaha. Mimi nikatabasamu kwa mdomo tu.

Kisha tukapelekwa kuona kidimbwi cha kuogelea.

Jamani. Maji ya buluu, yamelala kimya, hayaendi popote! Sisi watu wa mto, maji yaliyonyamaza hatuyaamini. Watoto waliruhusiwa kuingia upande wenye kina kifupi. Wakajitumbukiza wote, kelele, maji juu. Wote isipokuwa wangu. Hadia alisimama ukingoni na nguo za kuogelea za kuazima, mikono kifuani, kama anayengojea kivuko.

"Hadia, unaogopa maji?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Siogopi."

"Basi mbona huingii?"

"Mama hajayapiga."

Wazazi wakageuka kunitazama. Hapo niwaeleze. Marehemu ndiye aliyemfundisha Hadia kuogelea, na alimwekea sheria moja: haingii mtu mtoni kabla mkubwa hajayachapa maji kwa upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, na kuyatazama vizuri. Mamba hapendi fujo. Hata kuteka maji ya kunywa, ilikuwa hivyo hivyo. Marehemu alipoondoka, upondo nikaushika mimi.

"Wifi," Mwanajuma akaninong'oneza, "mwambie aingie, tunaaibika."

"Hadia, mwanangu, ingia. Hapa ni salama."

"Umeangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Na mtoto huyo sijawahi kumdanganya. Nikaona mti mrefu wenye wavu wa kutolea majani umeegemezwa ukutani. Nikauchukua. Nilikusudia kuyagusa maji mara moja tu, kwa adabu, upande ule wa kina kirefu, mtoto aridhike.

Nikachapa. Paa! Nikainama kutazama.

Chini kabisa, kitu kirefu, cheusi, kimelala. Na kinatikisika.

Nisingesema kitu, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini ulimi haukuniuliza.

"MAMBA! TOKENI! MAMBA!"

Huku nachapa! Paa! Paa! Paa! Maji yakamwagikia suti za watu, yakamwagikia mwalimu mkuu, yakaosha poda usoni mwa wifi yangu. Watoto wakatoka kidimbwini kama vyura. Kungekuwa na wazazi wa mahali pengine wangeuliza maswali. Lakini hawa ni wa Garsen, wanamjua mamba! Baba mmoja mnene mwenye duka la mbao akapanda juu ya meza ya vitafunio, akakanyaga keki. Mama mmoja aliyetoka kijiji cha Wenje akanyakua watoto wawili, na wote si wake. Mimi nikarudi nyuma, kisigino kikateleza, kiatu cha kushoto kikaruka hadi katikati ya maji. Kikaelea kidogo, kama kinafikiria. Kikazama.

Fundi wa kidimbwi akaja mbio. Akainama. Akavuta.

Ulikuwa mpira wa kunyonya uchafu. Aliusahau ndani.

Macho yote kwangu. Nimesimama na kiatu kimoja, nimeinama upande kama mnazi wa pwani.

"Mama," mwalimu mkuu akasema polepole, akijifuta uso, "haya maji yana dawa. Mamba hawezi kukaa humu."

Yule baba akajibu akiwa bado juu ya meza: "Mwalimu, mamba atajuaje kama kuna dawa kabla hajaingia?"

Wakacheka wote. Mimi nilitafuta shimo la kuingia, sikulipata.

Ndipo Hadia akamwendea mwalimu mkuu. "Hapa kazi za nyumbani anafanya mama?"

"Hapana. Hapa mnalala bwenini, mnazifanya wenyewe."

Hadia akanitazama. "Sasa mama atafanya nini?"

Wifi akanigeukia. Nikaona ni zamu yangu.

"Wifi, nakushukuru. Shule nimeiona na ni nzuri. Lakini abaki nyumbani na mimi. Si kwa sababu ya masomo. Ni mimi sijaweza."

Nilidhani atakasirika. Tukaingia garini. Akatoa kioo, akaona poda ilivyochora mifereji mashavuni, mabega yakaanza kumtetemeka kwa kicheko.

"Uliposema mamba," akasema, "mimi nilikuwa nishapanda juu ya kiti. Hukuniona?"

"Sikukuona."

"Na mimi kaka yangu alinipigia maji nikiwa mdogo." Akawasha gari. "Akimaliza Gredi ya Sita tutazungumza tena."

"Tutazungumza, wifi."

Hadia alikuwa ameshalala kiti cha nyuma. Tulipofika Wema, wifi akambeba ndani, akaaga, akaondoka. Mama Saumu alikuwa mlangoni ananingoja. Nikampa kiatu kimoja. Akakigeuza, akatazama nyuma yangu.

"Mwenzake?"

"Amebaki bwenini."

"Bwenini wapi?"

"Shule ya kimataifa. Mtoto alipata nafasi, tukaikataa. Kiatu chako kimeichukua."

Mama Saumu akakaa chini palepale kizingitini, akashika mbavu. Hadia akatoka ndani, macho yamejaa usingizi, kuja kuangalia ni nani anayecheka kwa sauti kubwa namna hiyo.

Alikuwa ni mimi.