Ombi la Kulilaza Chini Jengo la Ghorofa Nane

Andrew Mogire,
Nyumba ya 14 (ile ndogo ya nyuma),
Mtaa wa Mabati Mekundu,
Kisii mjini.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Fedha za Ujenzi Mpya wa Mtaa.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu Lavender, ambaye huambiwa kila kitu. Yule "mwakilishi wa vijana" aliyeandikwa katika kumbukumbu za mkutano wenu kwamba aliupokea kwa shukrani mradi wa kubomoa mtaa na kupandisha ghorofa nane ni mimi.

Baba ni fundi wa makochi. Siku ile alikuwa amepeleka kochi Keumbu, akanituma niketi mahali pake na niulize swali moja tu: "Esaiga iko wapi kwa hiyo ramani?" Nilinyoosha mkono. Maikrofoni ilipofika, ukumbi mzima uligeuka kunitazama, na sauti iliyotoka ikasema, "Asante." Nikaketi. Mkapiga makofi. Jioni nilimwambia Baba sikupata nafasi. Tangu kumbukumbu zibandikwe, amekuwa akimtafuta huyo mwakilishi mtaa mzima. "Nikimshika, namshonea ndani ya kochi, apumulie kwa zipu!"

Ndipo akaniagiza niandike barua hii, kwa kuwa mimi ndiye nyumbani ninayeandika Kiswahili na Kiingereza bila kufuta sana. Atakuja kuisoma kabla haijatumwa. Ukurasa huu nimeuficha chini ya kitabu cha Hisabati. Yeye atapewa kuanzia malalamiko, ambayo ni haya:

1. Esaiga. Labda Mheshimiwa si wa huku. Kwetu mvulana akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya wazazi. Hujengewa nyumba yake ndogo nyuma, nayo ndiyo esaiga. Mimi ninayo tangu Gredi ya Tano: mabati, kitanda na dirisha moja. Ramani yenu ina vyumba viwili vya kulala na sebule. Mtoto wa kiume hakuchorwa. Bango lenu linasema mradi utajengwa kwa fedha za umma, na Baba anauliza, "Kama pesa ni ya umma, na mimi ni umma, kijana wangu atalala wapi? Kwa mkandarasi?" Mama alijaribu kusema, "Si alale tu kwa kochi, Baba Andrew?" Akajibiwa, "Mwanaume mzima, Mama Andrew? Unataka Kisii yote inicheke?" Mwanaume mzima anayetajwa hapo ni mimi.

2. Maegesho. Fedha hizohizo zitajenga maegesho ya magari sitini. Mtaa wetu una gari moja, la jirani yetu Mzee Omosa, na tangu auze injini ni kuku wanaotagia humo. Tunaomba maegesho yagawiwe wavulana yawe esaiga. Kuku wahamishwe kwa taratibu, maana wamekaa mtaani muda mrefu kuliko wapangaji wengine.

3. Ngazi. Mzee Omosa na Linet, mke wa mwanawe Brandon, wanaheshimiana inavyotakiwa: mke wa mwana na baba mkwe hawakaribiani. Kwa sasa Linet akimwona anakuja, huzunguka nyuma ya choo na mambo yanaishia hapo. Ngazi yenu ni moja na haina choo cha kuzunguka. Wakikutana ghorofa ya tatu, Linet atarudi juu, Mzee naye kwa adabu atarudi chini, kisha watakutana tena, na hakuna atakayefika sokoni mpaka mmoja wao ahamie Suneka. Lifti sitaki hata kuitaja.

4. Mabomba. Tukimweka Linet juu, maji aliyooga yatashuka ndani ya ukuta wa sebule ya baba mkwe wake, tena yakiimba, huku Mzee anakunywa chai na wazee wa kanisa. Tukimweka Mzee juu, atakuwa anatembea juu ya kichwa cha mama yake, Nyanya Nyanchera, ambaye amesema hajawahi kukanyagiwa kichwa na mtu na hataanzia kwenu. Nilijaribu kuzipanga nyumba zote kwa penseli. Kila mtu hapa ni mzazi, mtoto au mkwe wa mwingine. Hakuna anayeweza kukaa juu ya mwenzake.

5. Kwa sababu hizo, jengo lilazwe chini. Ghorofa nane ziwe safu nane, kila nyumba ikanyage udongo wake, na nyuma ya kila moja pawe na kanyumba kadogo. Nimechora na nimeambatanisha. Baba alipouona mchoro aliugeuza juu chini, akasema, "Lakini Andrew, huu si ndio mtaa wetu?" Nikamweleza kwamba tofauti iko kwenye fedha. Mtaa ukibomolewa kwa fedha za umma, kisha ukajengwa ulivyokuwa kwa fedha za umma, mkandarasi atalipwa mara mbili, ninyi mtakata utepe, na sisi tutalala tulipolala. Sioni atakayelalamika.

Naomba kamati yako ikae, inywe chai, na ilaze jengo. Salamu zangu kwa mkandarasi, kwa aliyechora ramani, na kwa yule mama aliyegawa soda na keki, ambaye alinipa mbili bila kunisemesha.

Ni mimi, ninayeongea vizuri zaidi kwa kalamu,
Andrew Mogire.

Tanbihi, ambayo nayo Baba hatapewa: Mheshimiwa, esaiga yangu inanitisha. Upepo ukichezea bati, mimi huimba nyimbo za Sabato mfululizo mpaka usingizi unichukue, na Baba huwaambia majirani kwamba mwanawe ana imani kubwa. Pale ukumbini niliona kwenye ramani kwamba esaiga hakuna. Kuna sebule, kuna kochi, na Lavender anakoroma ng'ambo ya ukuta. Ile asante haikuwa ya soda. Kwa hiyo nawasihi mnikatalie. Mkatae kwa maandishi, na muhuri mkubwa, mseme nafasi imekosekana kabisa na kijana hana budi kulala ndani. Baba huheshimu muhuri.

Sasa nasikia viatu vyake. Anakohoa nje, maana baba haingii tu kwa kijana wake. "Mwanaume, umemaliza?" Ukurasa wa kwanza nimeutoa chini ya Hisabati, nikauweka juu ya kurasa nyingine zote, huu wa mwisho ukiwemo, ili Baba aanze nao. Barua hii ikiwafikia, mjue sikushonewa.