Jaji Anakuja Alhamisi

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimeipata siri! Jaji wa tuzo ya ukarimu hapa jimboni Leitrim anakuja mjini kwetu Alhamisi, kimyakimya. Miaka minne mfululizo kibao cha shaba kimekwenda kwa Attracta Gilbride, mwenye mkahawa ng'ambo ya barabara, mkabala na wangu. Mwaka huu ni changu, liwe liwalo. Nimemtuma mke wangu Dympna akale kule, apeleleze. Karudi saa tatu baadaye, mashavu mekundu, na kipande cha mkate wa maziwa mgando alichopewa aniletee. Nimekila huku nimenuna. Kitamu mno.

Jumanne, 8 Oktoba
Vitambaa vipya vya meza. Menyu mpya: supu ya viazi sasa ni "Kumbukumbu ya Kiazi". Dympna kauliza kiazi kimekumbuka nini. Nilipokuwa nahangaika na meza mlangoni, Attracta alivuka barabara, akashika upande wa pili. Hakuuliza kitu. Wema wake unaniudhi.

Jumatano, 9 Oktoba
Mzee Francie Meehan wa mlimani amefariki, miaka tisini na mmoja. Maskini. Kesho watu wanakwenda kwake kumuaga, na Attracta anafunga mkahawa mchana kutwa apeleke chakula msibani. Kesho! Nikamsifu sana kwa moyo wake. Akaniomba nami nipeleke walau sufuria ya supu. Nikasingizia mgongo.

Alhamisi, 10 Oktoba
Meza kumi na mbili. Tai shingoni. Aliyeingia ni mmoja tu, mwanamke wa koti la kijani, kalowa chapachapa, anauliza njia ya kwa Meehan. Nikamwelekeza upesi na kumtoa nje kabla hajanichafulia sakafu, jaji asije akaiona. Jaji hakutokea. Dympna karudi jioni kutoka msibani akisimulia samaki wa moshi, chai isiyokauka, na Attracta akiosha vikombe huku akimlilia Francie.

Jumamosi, 19 Oktoba
Sherehe ya tuzo. Jaji akapanda jukwaani. Koti la kijani! Kumbe ni mpwa wa Francie, aliyekulia mbali, Cork.

"Siku ile nilikuja kumuaga mjomba, kazi niliiacha kwenye gari," alisema. "Nikapewa kiti, chai na mkate kabla sijaulizwa mimi ni nani."

Mimi hakunitazama kabisa. Attracta akalia, akaniita nimshikie kibao tupigwe picha. "Njoo, Malachy, jirani yangu," akasema. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Anastahili. Nitayakana haya mbele ya watu.

Jumapili, 20 Oktoba
Nimetafakari. Somo limeniingia barabara. Nimeoka mikate thelathini, iko kwenye friza, tayari kwa msiba ujao. Baada ya misa nikamfuata mzee Packie Rooney, miaka themanini na tisa, nikamuuliza kwa upole kile kifua chake kinaendeleaje. Akasema kimepona kabisa, wiki ijayo anaanza kucheza dansi. Hata Packie ananihujumu.