Mtu wa Kusini Hahisi Joto

Jumatatu, 2 Machi. Miaka miwili, miezi minne na siku tisa tangu nitoke nyumbani.

Leo tena tanurini. Unyusi wa kushoto umeungua. Sasa upande mmoja wa uso wangu una wasiwasi, mwingine haujali lolote.

Nimemwomba Nyapara, kwa heshima zote, anibadilishie kazi, walau niwe nafunga mikate kwenye karatasi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ninyi watu wa kusini joto mmezaliwa nalo, mkiwekwa kivulini mnaumwa. Nikamweleza kwamba kwetu ni milimani. Kwetu asubuhi nyasi zina barafu. Bibi yangu alikuwa analala na masweta mawili na kuku mmoja. Nyapara akasema nisimletee hadithi, kusini ni kusini.

Kiwanda kizima cha mikate kimepangwa hivyo. Bosi anayo ramani yake kichwani. Watu wa kusini: nguvu, moto, nyimbo. Watu wa kaskazini: akili, hesabu, kunyamaza. Wenyeji: kusimama pembeni wakituangalia. Jina ninalo, limeandikwa kwenye kitambulisho, lakini hapa naitwa Kusini. Kusini, lete trei. Kusini, moto umepungua. Kusini, mbona unatoa jasho na wewe umezoea?

Habari kubwa: mzee wa stoo, mtu wa kaskazini, anastaafu Ijumaa. Stoo ya unga ina kiti. Kiti kina mto. Juu yake kuna feni. Na kuna jambo kubwa zaidi. Kanuni za kiwanda zimebandikwa mlangoni mwa choo, na tumbo langu limenipa nafasi ya kuzisoma zote: mtu wa stoo huenda likizo nyumbani kila mwaka, mtu wa tanuri kila baada ya miaka mitano. Mzee huenda kwao kila Desemba na kurudi na mashavu. Mwanangu wa mwisho nilimwacha akitambaa. Mama watoto anasema siku hizi anapanda juu ya meza, na anamwita baba kila mwanamume aliyevaa kofia. Sijapenda. Kwetu, kwa baridi ile, kila mwanamume amevaa kofia.

Kile kiti lazima nikipate. Shule niliachia darasa la sita, lakini hesabu ninazo. Trei zote zinazoingia na kutoka tanurini nazibeba kichwani, na jioni sijakosea hata mkate mmoja.

Kikwazo ni Kimya. Ndiye ninayelala naye chumba kimoja, yeye kitanda cha dirishani. Kazi yake ni kupaka trei mafuta. Ni mtu wa kaskazini, kwa hiyo kiwanda kizima kimeshamwona amekaa kwenye kile kiti. Watu wa kaskazini mimi nawajua. Hawasemi kwa sababu wanapanga. Chupa yangu ya sukari nimeichora mstari kwa kalamu, sawasawa na sukari ilipoishia. Tutaona.

Jumanne, 3 Machi.

Asubuhi nimeangalia chupa. Sukari iko juu ya mstari kwa upana wa kidole. Nimekaa kitandani nikifikiri. Mwizi wa kawaida hupunguza. Huyu anaongeza. Huu ni ujanja wa kiwango ambacho sijawahi kukutana nacho.

Mpango wa leo: kama bosi anapenda watu wa kaskazini, nitakuwa mtu wa kaskazini. Nimeweka kalamu sikioni. Nimekunja uso. Nimeacha kusema. Nyapara akinisalimia, natikisa kichwa polepole kama mzee wa stoo.

Saa nne Nyapara akauliza kama nimefiwa. Nikatikisa kichwa polepole. Saa tano akaacha kunipa mgongo. Saa sita nikaitwa ofisini. Nilifikiri ndiyo nakabidhiwa ufunguo. Nikawakuta bosi, Nyapara na mlinzi wa getini na rungu lake. Bosi akaniuliza, kwa upole wa kutisha, ni nani amenituma na wafanyakazi wanadai nini. Akasema mtu wa kusini akinyamaza kuna jambo linapikwa. Nikazidi kunyamaza ili aone akili yangu. Mlinzi akahamia mlangoni.

Wakati huohuo Kimya akapita dirishani, hajasema neno tangu alfajiri. Bosi akamnyooshea kidole, akamwambia Nyapara amtazame yule anavyofikiri. Mimi nilijua alichokuwa anafikiri. Jino lilikuwa linamuuma, kwa ishara alinionyesha lipi.

Kujiokoa ikabidi niimbe. Bosi akashusha pumzi, akasema huyo ndiye Kusini wangu. Wimbo wa haraka sikuwa nao, nikaimba jedwali la saba kama tulivyoimbishwa shuleni, kwa lugha ya kwetu, mpaka saba mara kumi na mbili. Wakapiga makofi. Mlinzi akacheza kidogo. Hakuna aliyeuliza nimeimba nini.

Jumatano, 4 Machi.

Mpango mpya. Kujificha hakufai, nitajionyesha. Nimemwambia bosi kwamba najua kuhesabu na ninaomba nijaribiwe kwa ajili ya stoo. Akanitazama kama anayemtazama paka aliyeomba kalamu. Akanipeleka kwenye rafu za mikate. Nikahesabu kwa macho tu, mstari kwa mstari, nikataja idadi. Nyapara akahesabu kwa kidole, mara mbili, ya kwanza akakosea. Ya pili akanikuta palepale.

Bosi akafurahi kupita kiasi. Akaita watu wa ofisini. Akawaita na wanunuzi wa hoteli waliokuwa wanasubiri mzigo wao. Nimehesabu rafu tatu, madumu ya mafuta, na vigae vya ukuta kwa ombi maalumu. Mama mmoja wa hoteli akauliza ni nani amenifundisha. Akauliza kama kwetu tunatumia vidole au mawe. Nikasema tunatumia mwalimu. Wakacheka, wakaniambia na utani ninao. Bwana mmoja akaniminya mkono hapa juu, akasema kweli hawa wana nguvu. Sijui msuli na vigae vinahusianaje.

Mwisho bosi akanipiga bega na kutoa uamuzi. Kichwa kama hiki ni adimu sana kwa mtu wa kusini. Kwa hiyo hataki kukipoteza stoo. Kibaki tanurini, kwenye trei nyingi.

Sukari imepanda tena.

Alhamisi, 5 Machi.

Usaliti. Kimya ameingia ofisini mwenyewe, bila kuitwa, akakaa nusu saa nzima. Ametoka anatabasamu, na jino lile lile bovu. Wakati wa chai nikamuuliza alifuata nini kwa bosi. Akaniambia, "Subiri kesho, kaka." Maneno matatu. Kwa Kimya hiyo ni hotuba. Na mtu akikuita kaka huku akificha jambo, ujue umekwisha.

Nilifikiri mpaka nikaunguza trei mbili. Kisha nikamfuata Nyapara, nikamwambia nina siri inanichoma roho. Nikasema watu wa kaskazini hawawezi kukaa karibu na unga. Iko kwenye damu. Huchota kidogo kila siku na kutoka nao kwenye mapindo ya suruali. Kwetu hata mtoto mdogo anajua. Nikasema amwangalie mzee wa stoo, miaka ishirini mapindo yake ni meupe.

Macho ya Nyapara yakapanuka. Akasema yeye alikuwa akihisi hivyo siku zote. Akakimbia kwa bosi na aproni yake.

Miaka miwili namwambia Nyapara kwamba kwetu kuna barafu, hataki kuamini. Hili ameamini kabla sijamaliza sentensi. Kumbe namna ya kusikilizwa ndiyo hii.

Ijumaa, 6 Machi.

Tumemuaga mzee wa stoo uani. Chai, mikate ya leo badala ya ile ya jana, na bosi kusoma karatasi yenye sifa zake. Nilivaa shati la safari. Nilikuwa nimeshafikiria nitakavyokaa: mgongo nyuma kabisa, mguu mmoja umenyooka.

Mzee alipofika getini na zawadi yake ya saa ya ukutani, mlinzi akamsimamisha. Akainama na kukunjua mapindo ya suruali. Unga ukamwagika. Bila shaka ulimwagika, mtu ameshinda kwenye unga miaka ishirini, hata masikioni anao. Ungeweza kujaza kijiko cha chai, cha mtu mchoyo. Mzee akainama, akakunja mapindo yake vizuri, la kulia kisha la kushoto, akaondoka na saa yake. Mimi nilitazama mkate wangu. Ulikuwa na tundu.

Bosi akapanda kwenye kreti. Akasema amesikitika. Akasema kuanzia leo hakuna mtu wa kaskazini atakayekanyaga stoo. Nikafuta makombo mdomoni na kusogea mbele. Akasema stoo anampa shemeji yake. Akasema wageni wote, wa kaskazini na wa kusini, watapekuliwa getini kila jioni. Likizo za wageni zimefungwa mpaka mwakani uchunguzi ukamilike. Na Kimya, kwa tahadhari, anahamia tanurini, mahali pasipo na unga wa kuiba.

Nimepekuliwa wa kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeshasogea mbele.

Jumamosi, 7 Machi.

Siku ya kwanza ya Kimya tanurini. Anasimama karibu na mlango wa moto kuliko mimi. Saa tatu akavua sweta, akanyoosha mikono, akaniambia kwamba tangu afike mji huu leo ndiyo ameota joto vizuri. Kwao ni jangwa. Kwao saa hizi mbuzi wanagombea kivuli cha mtu.

Halafu akasema mengi kuliko miaka yote miwili. Alhamisi alikwenda kumwambia bosi ukweli, kwamba hesabu hajui. Yeye ni fundi viatu. Shule aliitoroka kwa sababu ya hesabu hizo hizo, na akipewa magunia mia ataishia thelathini na kuanza kusali. Akamwambia bosi stoo ataichukua kwa sharti moja: awekwe na mimi. Mimi nihesabu, yeye aandike, maana mwandiko wake ni mzuri. Bosi alikumbuka vigae, akakubali. Viti viwili, kuanzia Jumatatu. Likizo ya kila mwaka, wote wawili. Karatasi ilishapigwa chapa. Alitaka nishangae siku ya kumuaga mzee.

Akaitoa mfukoni akanionyesha. Jina lake, na chini yake jina langu. La kwangu lenyewe, kama alivyolitoa kwenye kitambulisho changu nilipokuwa naoga, herufi zote. Ni mara ya kwanza kuliona kwenye karatasi ya kiwanda hiki. Nyuma wameandika orodha ya madumu ya mafuta, kwa kuwa karatasi haina kazi tena.

Akaniuliza ni nani anaweza kuwa amewajaza upuuzi ule wa unga. Nikasema dunia ina watu wenye roho mbaya. Akatikisa kichwa polepole.

Na sukari nayo akaieleza. Huchota kijiko kimoja cha sukari yangu asubuhi ninapokuwa bafuni. Kwao, ukichota cha mtu bila kuomba, unarudisha na nyongeza, ndiyo sababu imekuwa ikipanda. Akasema alitegemea nitaelewa.

Unyusi wa kulia nao umeondoka. Uso sasa uko sawa pande zote.

Jumatatu, 9 Machi. Miaka miwili, miezi minne na siku kumi na sita.

Shemeji wa bosi amehesabu magunia mara tatu na kupata idadi nne. Saa nne akaja tanurini kuniomba nimsaidie, ila asijue mtu. Nimehesabu nikiwa nimesimama mlangoni, yeye amekaa kwenye kiti, feni inampepea shingo. Nilipomtajia akaandika, akasema ni ajabu sana, maana watu wa kusini hesabu huwa haziwaingii. Nyapara naye amemwona Kimya hatoi jasho. Ameniambia kwa siri nijihadhari, mtu wa kaskazini asiyetoa jasho kwenye moto ana jambo.

Jana nilikuwa na siku nzima ya kulala chali na kulipima suala hili kwa haki. Nimefikia uamuzi. Kosa ni la Kimya. Angesema Alhamisi, mimi nisingekwenda kwa Nyapara. Watu wa kaskazini ndivyo walivyo wote, wanakutendea wema kisirisiri ili baadaye ukuume. Nimechora mstari mpya kwenye chupa, na chini yake tarehe.

Kuhusu kiti, nimepata njia safi. Mashemeji nawajua. Hakuna shemeji anayeweza kukaa na hamira bila kuichezea, iko kwenye damu, kwetu hata mtoto mdogo anajua. Kesho wakati wa chai nitamnong'oneza Nyapara. Hii ataamini haraka zaidi, maana na yeye ana dada zake na hataki kusikia habari za waume zao.

Nimemwandikia mama watoto kwamba mambo yamekaa vizuri. Juni niko nyumbani. Ikichelewa sana, Desemba. Amwambie mtoto nitakuja na kofia.