Ndoo ya Mfano Yaenda Ng'ambo

Jumatatu, 4 Machi

Nasafiri! Mimi! Ng'ambo! Siku tatu, hoteli yenye kifungua kinywa, yote juu ya kiwanda.

Sababu ni hii: kalibu yetu ya vifuniko imepasuka. Bila kalibu plastiki haina umbo la kumwagiwa, na ndoo zetu zinatoka vichwa wazi. Bosi katutuma tukaagize mpya. Nimekabidhiwa ndoo moja ya mfano, mafundi wa huko waupime mdomo wake. Bosi kasema waziwazi: atakayeifanya kazi hii vizuri ndiye msimamizi mpya wa uzalishaji. Miaka tisa nakimezea mate kiti hicho!

Doa moja tu. Tumetumwa wawili. Mwenzangu ni dada wa stoo, tunamwita Rula kwa kuwa hupima kila kitu, hata mkate wa chai. Kanipa karatasi ya vipimo vya ndoo, herufi ndogo kama punje za mtama. Kasema kaka, hata ukiipoteza ndoo, karatasi usiipoteze. Nimecheka sana. Mtu mzima anapotezaje ndoo?

Uwanja wa ndege ofisa aliuliza ndoo ina nini. Nikamjibu ina maisha yangu ya baadaye. Hakucheka. Alinivua viatu.

Jumanne, 5 Machi, asubuhi

Kifungua kinywa unajipakulia mwenyewe! Mayai ya aina nne! Nimerudi mara tatu. Mara ya tatu nilivaa kofia.

Mpango uko tayari. Miadi yetu na fundi wa kalibu ni saa nane mchana. Rula nimemwambia saa kumi. Akitokea, nitakuwa nimeshamaliza, fomu ya kuagiza ina saini moja, yangu. Nimejisikia vibaya kama dakika mbili hivi.

Sasa naenda kuuona mji. Na ndoo yangu, bila shaka. Siiachi hotelini, Rula asije akaichukua.

Jumanne, jioni

Siku gani hii! Nimepanda mnara, ngazi mia tatu na kumi! Chini walikataa nisipande na ndoo. Wakaifunga lebo namba 42 kwenye mkono wake, wakaiweka rafuni, nami wakanipa kibati cha namba hiyo hiyo. Juu kule, mji mzima miguuni pangu! Mto, madaraja, treni ndogo ndogo. Nilipiga kelele peke yangu. Nikampigia mke wangu kwa video aone. Mama mkwe akasikika nyuma akiomba nisogee, namkinga asione mji.

Kushuka tu, harufu ya samaki wa kuchoma ikanivuta hadi ng'ambo ya mto. Samaki mzima, viazi, ndimu! Nikaagiza wa pili. Nikanawa, nikaita teksi, nikashuka langoni kwa mafundi saa nane kasorobo, nikiwa mikono mitupu.

Ndoo!

Kurudi mnarani hakuwezekani. Lakini mkabala na lango kuna duka la vyombo, na dukani kuna ndoo. Nyeupe. Mkono wa plastiki. Pacha kabisa! Nikabandua bei kwa ukucha.

Fundi aliipima, akaitazama karatasi ya Rula, akakunja uso. Akasema ndoo na karatasi vinapishana milimita sita. Mtu mwingine angebabaika. Mimi nikamwambia afuate ndoo, karatasi imeandikwa na mtu wa stoo. Akanisogezea fomu. Nikatia saini.

Rula karudi hotelini saa kumi na mbili. Ati naye alipanda mnara, halafu akafika kwa fundi saa kumi kamili, wakamkaribisha chai. Chai! Maskini dada wa watu, kaenda kunywa chai kwenye kazi iliyokwisha. Nikasema labda nilichanganya saa. Akatabasamu, akaenda kulala.

Ndoo ya zamani nimewaachia watu wa mnara. Kibati nimekitia kwenye ufunguo wangu, ukumbusho.

Jumatano, 6 Machi

Boti ya watalii! Makumbusho! Aiskrimu mbili! Mtandio wa mama mkwe, wa buluu. Ndani ya ndege Rula kapakata kitu kikubwa cha duara, kakifunga kwa sweta. Sufuria, bila shaka. Mtu anakwenda ng'ambo ananunua sufuria!

Kaniuliza kama ndoo iko salama. Nikamjibu imebaki kwa fundi.

Ijumaa, 29 Machi

Kalibu imefika. Wiki tatu nimeziota zile milimita sita. Leo kiwanda kizima kilikusanyika mashineni. Kifuniko cha kwanza kikatoka, bado cha moto. Bosi akakibandika kwenye ndoo, akakikandamiza.

Tap! Kimeingia!

Nilishangilia kuliko wote. Kimeingiaje? Sikutaka kujua. Nikaomba nafasi ya kusema. Nikaeleza jinsi nilivyoilinda ile ndoo ya mfano kama mwanangu, sikuitoa mkononi hata dakika moja. Huku nazungusha ufunguo kidoleni.

Bosi akauliza kwa upole, ndoo yenyewe ni hii? Akaitoa chini ya meza. Lebo bado imefungwa kwenye mkono wa ndoo. 42. Watu wote wakaitazama lebo, kisha wakakitazama kibati changu kinavyozunguka.

Rula akaeleza. Aliiona rafuni mnarani, jina la kiwanda limechapwa kitakoni. Akaonyesha kitambulisho cha kazi. Mlinzi akasita, basi Rula akaipima mbele yake, ikalingana na nakala ya karatasi yake, akakabidhiwa. Saa kumi, fundi akaipima ndoo hiyo na kuisahihisha fomu wakati yeye anakunywa chai.

Rula ndiye msimamizi. Mimi nahamia stoo, kupanga vifuniko. Nimeona aibu, sikatai. Hata chakula cha mchana hakikupita.

Rula alinifuata, akaniuliza kaka, juu ya mnara palikuwa pazuri, sivyo? Nikakiri palikuwa pazuri mno.

Nimekaa nikatafakari kosa langu, na nimeliona: ufunguo! Ukumbusho wa safari haubebwi kazini.

Nasikia kalibu ya mikono ya ndoo nayo imeanza ufa. Itabidi mtu aende na mfano. Na mifano inatoka wapi? Stoo! Ndoo nimeshaichagua, nimeificha nyuma ya rafu. Mama mkwe kasema safari hii anataka mtandio wa kijani.