Wasomaji Hodari wa Munje

Jumatatu, 16 Juni
Barua imefika. Alhamisi Bi. Dianah wa wafadhili anakuja kutazama darasa langu la jioni, la bure, la watoto wasiojua kusoma. Akiridhika, vitabu na uji vinaendelea mwaka mzima. Asiporidhika, basi. Ninao kumi na wanane, wote gredi ya sita. Kahaso peke yake ameanza: leo kasoma jina la mamake kwenye kadi ya kliniki, akalia. Nami nikalia, kwa siri. Lakini jina moja, dakika tatu! Nitaaibika mbele ya Mwalimu Syombua, ambaye hesabu zake za jioni zinasifiwa hadi Funzi.

Jumanne, 17 Juni
Nimepata! Wanaoongoza darasani mchana, jioni huwa chuoni, wanasoma Kurani. Nimemwendea ustadhi, nikatoa salamu, nikamwomba aniazime kumi na wanane kwa alasiri moja. Akasema watoto si sufuria. Nikamsihi. Akakubali, kwa sharti nifagie ua wa chuo wiki nzima. Mgongo wangu!

Jumatano, 18 Juni
Syombua kauliza wale wangu halisi watakuwa wapi. Shambani, wanapalilia mihogo. Akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Wivu tu.

Alhamisi, 19 Juni
Ushindi! Kila ukurasa aliofungua mgeni, waliusoma mpaka mwisho. Akauliza wale walioko shambani ni nani. Nikajibu ni klabu ya kilimo. Kahaso akampungia mkono. Bi. Dianah akatabasamu, akaandika sana.

Jumatatu, 23 Juni
Tumepongezwa. Watoto wetu hawahitaji msaada. Vitabu na uji vinahamia shule moja ya Mwabungo, kwenye shida zaidi. Hesabu za Syombua, za wafadhili hao hao, pia zimefutwa. Alisimama mlangoni, akanikabidhi chaki zake zilizobaki. Afadhali angenitukana. Saa kumi akaja Kahaso na daftari lake. Nikamwambia darasa limekwisha. Akauliza kama ni kwa sababu hawakupalilia vizuri. Sijapata kuumia hivi maishani.

Jumanne, 24 Juni
Sikulala, lakini nimepata dawa! Nimewaandikia wafadhili warudi watuone tulivyo na shida. Safari hii sibahatishi. Nimewaazima tena wale hodari kumi na wanane, nawafundisha kusoma vibaya. Wagumu! Wakisahau kidogo tu, wanamaliza ukurasa. Kahaso amejitolea asome yeye. Nimemkatalia kwa upole: kazi hii yataka wanaojua.