Ukweli Uliotangazwa Bila Kututaarifu

Yakubu Mahamudi
Fundi wa redio, Birere
Goma, Novemba 2012

Kwa Mheshimiwa Msemaji wa Mambo ya Ulinzi,
Kinshasa, au popote alipojipanga upya

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu na za nyumba yangu nzima. Sisi ni wazima, isipokuwa masikio, kwa sababu ya mizinga ya upande wa Kibumba ambayo wewe umesema haipo. Nakuandikia kwa heshima zote, mimi raia ambaye kwa kazi yangu nakusikiliza katika redio kadhaa kwa wakati mmoja, nyingine zikikutoa sauti ya puani.

Kwanza nitoe shukrani. Sisi watu wa Goma hatuna king'ora cha hatari. Tuna wewe. Ukisema "hali iko chini ya udhibiti", tunafunga nguo. Ukisema "chini ya udhibiti kabisa", tunakunja magodoro. Ukisema jeshi halitarudi nyuma hata hatua moja, tunashika watoto na sufuria, tunafuata njia ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Ukisema jeshi "limejipanga upya", hapo hatuna haja ya kusikia zaidi, maana limeshapita mbele ya duka langu na wengine wameacha viatu. Hata uliposema chakula cha askari kimefika chote, mke wangu Shida aliongeza unga kwenye sufuria, na kweli jioni walikuja kuomba. Hakuna mtu hapa atakayekuambia kwamba ulinzi wa taifa haufanyi kazi. Unafanya kazi vizuri, mradi mtu ajue namna ya kuusikiliza.

Ndiyo maana yaliyotokea Jumanne yamenitia uchungu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumanne, katika taarifa ya saa sita mchana, ulisema ukweli. Ulisema waasi wako karibu, askari wamechoka, wananchi tuwe macho. Hukututaarifu mapema kwamba utabadilisha utaratibu. Matokeo yake mtaa mzima ulitulia kabisa. Jirani yangu Samy, aliposikia kwamba hatari ni kubwa, alijua amani imefika, akapanda ngazi na kuanza kupaka nyumba yake rangi. Mungu alituhurumia, waasi hawakuingia siku ile. Wangeingia wangemkuta huko juu na brashi mkononi. Nani angewajibika, Mheshimiwa? Ngazi?

2. Umeniharibia jina langu la ufundi. Jumanne hiyohiyo, Mama Kaswera, anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, kule sokoni Kituku, aliniletea redio niliyokuwa nimemtengenezea wiki iliyopita. Aliiweka mezani kwa hasira. "Papa Yakubu," akaniambia, "hii redio umeiharibisha. Iko inasema ukweli." Niliifungua mbele yake, nikapuliza vumbi, nikaifunga, nikamweleza kwamba kosa liko Kinshasa. Akaniuliza kama kipuri chake kinapatikana.

3. Hili ndilo linalonikosesha usingizi, nalo ni la mama yangu mzazi.

Mama Umi ndiye mtu pekee katika Goma anayekuamini. Alizaliwa Kasongo, akaja hapa akiwa bibi harusi wa marehemu baba. Baba alimnunulia redio, akamwambia kwamba serikali haiwezi kudanganya mbele ya watu wote kwa pamoja, itaona haya. Baba amekufa. Haya yenyewe sijui iko wapi. Lakini Mama ameshika neno lile mpaka leo.

Mwaka 2002, kabla mlima wetu wa moto haujapasuka, mmoja wa waliokutangulia redioni alisema moshi ule ni wa kawaida. Basi Mama alikaa akichambua mchele mpaka moto ukafika kwa jirani. Nilimpakia juu ya chukudu, hiyo baiskeli yetu ya mbao ya kubebea viazi na mkaa, nikaisukuma mbio huku yeye amegeuka nyuma, anatazama nyumba ya baba inavyoungua. Hakulia. Alisema tu, "Huu moto haukusikia redio." Mwaka 2008, askari wetu walipokuwa wanapita mtaani kwa kukimbia, alisimama mlangoni akawapigia kelele: "Batoto, mugeuke! Redio inasema munashinda!" Askari mmoja alisimama. Alifurahi sana kupata habari hiyo. Aliomba maji, akanywa, akashukuru, akaendelea kukimbia.

Jumanne, uliposema ukweli, Mama peke yake alifunga mzigo. Alivaa kitenge chake kizuri, akakaa juu ya mfuko wa nguo, akatusubiri. Sisi tulimcheka. Jumatano ukakanusha, ukasema ulinukuliwa vibaya, hali iko chini ya udhibiti kabisa. Sisi tukakunja magodoro, na yeye akafungua mfuko wake na kuzirudisha nguo sandukuni. Umeona sasa ulivyotugawa? Katika nyumba moja hatuwezi kukimbia siku moja.

Miguu yake sasa ni mibovu, na mgongo wangu si ule wa wakati wa chukudu. Watoto wanalala na viatu. Shida ameshafunga kila kitu, hata pazia. Mama anasema hatoki mpaka wewe umwambie atoke. Naogopa, Mheshimiwa. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema. Naogopa kumwacha na naogopa kubaki naye.

4. Hili si lalamiko, ni mchango wangu kwa ulinzi wa taifa, na sidai shukrani. Naomba uongo wa serikali uwekewe sheria, usichanganywe na kitu kingine, kama vile maziwa yasivyochanganywa na maji. Atakayesema ukweli redioni bila kibali cha Bunge ashtakiwe kwa kuhatarisha usalama wa raia. Kisha ifunguliwe redio ya pili, ndogo, ya kusema ukweli, kwa ajili ya Mama Umi tu. Haihitaji nguvu nyingi, ifike kwenye chumba chake inatosha. Mtambo nitautengeneza mwenyewe. Nyinyi mniletee huo ukweli, maana huku vipuri vyake havipatikani.

5. Nimewaza zaidi usiku huu, nikaona hatari nyingine. Waasi nao wana redio. Nina hofu wameshaielewa lugha yetu, kwa maana kila ukitangaza kwamba mji fulani uko imara, wao ndio wanaanza kutembea kwenda huko. Uliposema Rutshuru haina tatizo, binamu yangu wa Kiwanja, karibu na hapo, hakuwahi hata kumaliza kunipigia simu, waasi walikuwa wameshafika. Siri ya ulinzi inayojulikana na adui si siri tena.

Kwa hiyo napendekeza ukopeshwe kwa adui. Usikasirike, nisikilize mpaka mwisho. Uende huko msituni na kipaza sauti chako, uwasemee wao wiki moja tu. Utangaze kwamba waasi wako imara, wamekula vizuri, wana umoja, na hawatarudi nyuma hata hatua moja. Wapiganaji wao wakisikia hivyo kwa sauti yako, watajua wenyewe la kufanya. Tutawaona kwenye mpaka wa Uganda wakiwa na magodoro kichwani. Nchi itakuwa imeshinda vita bila risasi, na kwa mara ya kwanza serikali itakuwa imetuma huku kitu kinachofanya kazi.

Mpaka siku hiyo, nakuomba urudie utaratibu wa zamani. Utudanganye sisi wote sawasawa, umwambie Mama peke yake ukweli, na usifanye tena kama Jumanne.

Nisalimie watu wa nyumbani kwako, na wakubwa wote wa jeshi ambao tumezoea kuwaona kwa mgongo. Samy anakusalimia kutoka kwenye ngazi, hajamaliza ukuta wa nyuma. Mama Kaswera naye anakusalimia, anauliza tena habari ya kipuri. Mungu akuzidishie sauti.

Mimi, msikilizaji wako mtiifu,
Yakubu Mahamudi

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya kufunga bahasha wakati mzinga ulipolia karibu sana, vioo vikatikisika. Mama akaniita kutoka chumbani kwake, akaniuliza ni nini ile. Sikutaka aogope. Nikamjibu, bila kufikiri, "Si kitu, Mama. Hali iko chini ya udhibiti."

Alitoka akishika ukuta, kitenge ameshakifunga kiunoni, akaniangalia kama mtu anayemtafuta mwanawe kwenye umati. "Bale ba redio habanijue," akasema. "Lakini weye ni mutoto wangu. Kama na weye unanisemesha vile, basi tumekwisha. Beba godoro."

Nafuta maombi yote hapo juu, la nne na la tano pia. Sema ukweli tu, Mheshimiwa, hata kama watu watapanda ngazi. Nimeifanya kazi yako kwa sentensi moja na sitaki kuona tena namna mama yangu alivyoniangalia.

Tunatoka sasa. Shida ametangulia na watoto, mimi nambeba Mama. Redio ameiacha mezani bila kuizima. Ukisoma taarifa ya jioni, ujue nyumbani kwetu hakuna mtu.